Gesi ya MIG hupimwa kwa mizani

Mtungi wa CO2, gesi inayokinga mshono katika uchomeleaji wa MIG (ule wa waya unaosukumwa na mashine), una tabia inayowachanganya wengi. Geji yake hukaa palepale wiki nzima, mwezi mzima, halafu Jumamosi alasiri inaporomoka na mshono unaanza kutoka vitundu kama mandazi yaliyozidi hamira. Geti limefika nusu, duka la gesi limefunga, na mwenye mtungi anaapa kwamba ameuziwa hewa tupu. Mara nyingi hakuibiwa. Aliisoma geji kama ya petroli, na geji ya CO2 haiko hivyo.

Ndani ya mtungi CO2 iko katika hali ya kimiminika, kama gesi ya kupikia. Juu ya kimiminika kuna mvuke, na shinikizo la mvuke huo hufuata joto la mtungi, halifuati kiasi kilichobaki. Kwenye nyuzi 10 ni baa 45 hivi. Kwenye 20 ni 57. Kwenye 30 ni 72. Kwa hiyo mtungi uleule ukisomwa Nakuru alfajiri yenye baridi utaonyesha baa 45 au 47, na ukipelekwa Kisumu ukasomwa saa nane mchana utaonyesha zaidi ya 70, bila hata gramu moja kuongezeka. Mtungi uliotoka kujazwa sasa hivi unaweza kupita hata hapo kwenye joto la Kisumu, kwa sababu kimiminika kinatanuka na kubana nafasi yote.

Kipimo cha kweli ni mizani. Begani mwa mtungi kumegongwa uzito wa mtungi mtupu, kwa kawaida baada ya herufi TW au neno TARE. Toa regyuleta (kile kifaa chenye geji kinachopunguza shinikizo), toa kofia ya valvu kama ipo, pima, kisha ondoa namba iliyogongwa. Kinachobaki ni gesi. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, ile wanayotumia wanunuzi wa skrapu, inatosha. Mizani ya gunia kwenye kinu cha posho nayo ni sawa. Andika uzito na tarehe kwa chokaa ubavuni mwa mtungi. Pima mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, na usione haya. Aliyejaza kilo sita hana sababu ya kuogopa mizani.

Kutoka kilo kwenda lita, kumbuka namba moja: kilo moja ya CO2 ni takriban lita 545 za gesi. Ukichomelea kwa lita 12 kwa dakika, hizo ni dakika 45 za kubana kitufe cha tochi ya kuchomelea. Dakika 45 za moto ni nyingi kuliko zinavyosikika, maana mtu wa kazi ndogo hubana sekunde tano, anaachia, anapima na skwea, anabana tena.

Tuchukue geti dogo la skwea tubu ya inchi moja, unene wa geji 16, lenye maungio ishirini. Kila ungio likizungushwa pande zote nne ni sentimita kumi za mshono, jumla mita mbili. Kwa mwendo wa sentimita 30 kwa dakika ni dakika saba kasoro za moto, yaani lita 80. Ongeza gesi inayotoka bure kila ukibana na kuachia kitufe (nitaifikia) na unapata lita 130 hadi 140. Hiyo ni robo kilo. Mtungi wenye kilo sita ungetosha mageti zaidi ya ishirini ya namna hiyo. Kama wako unaisha kwa mageti matatu, usitafute gesi ya bei nafuu. Tafuta inapovujia.

Njia nyingine ya kupanga ni kufungamanisha gesi na waya. Waya wa milimita 0.8 ukisukumwa mita tano kwa dakika huyeyuka gramu 20 hivi kila dakika, na lita 12 za CO2 ni gramu 22. Yaani kilo ya waya hula kilo ya gesi na zaidi kidogo. Ukihesabu upotevu weka kilo moja na robo. Rola ya kilo tano itahitaji kilo sita hivi. Ukinunua rola mpya na mtungi una kilo mbili, unajua tayari kwamba gesi itatangulia kuisha, na una muda wa kupanga safari ya mjini.

Geji hata hivyo ina kazi yake mwishoni. Kimiminika kikiisha, unabaki na mvuke peke yake, na hapo ndipo mshale unaanza kushuka kweli. Kwa mtungi wa ujazo wa lita kumi kwenye nyuzi 20, wakati huo bado kuna karibu kilo mbili ndani, sawa na zaidi ya saa moja ya kubana kitufe. Usichanganye na mshuko wa muda: mtungi mdogo ukitumika mfululizo unapoa kwa sababu kimiminika kinanyonya joto kikigeuka mvuke, na mshale unashuka kidogo kisha unarudi baada ya mapumziko. Mshale usiorudi baada ya nusu saa ndio wa kuogopa. Acha kutumia ikifika baa 10. Chini ya hapo unyevu katika gesi huongezeka na mshono huanza kuharibika, na ukimaliza kabisa na kuacha valvu wazi, hewa yenye maji inaingia mtungini.

Mchanganyiko wa agoni na CO2, tuseme 80 kwa 20, ni habari tofauti kabisa. Huo ni gesi iliyobanwa, haina kimiminika, kwa hiyo geji yake inasema kweli. Zidisha lita za mtungi kwa baa: mtungi wa lita 10 wenye baa 150 una lita 1,500, dakika 125 kwa lita 12. Ikifika baa 75, umebaki na nusu. Wengine huviringisha mtungi wa mchanganyiko sakafuni asubuhi eti gesi zichanganyike. Zikishachanganyika hazitengani, uache mtungi utulie.

Ipi ununue? Kwa chuma cha kawaida cha mageti, madirisha, toroli na stendi za tangi, CO2 tupu inatosha na inapatikana kwa urahisi zaidi. Kenya tuna bahati nayo: huchimbwa ardhini Kereita, upande wa Lari kaunti ya Kiambu, haihitaji kuagizwa ng'ambo. Inatupa cheche zaidi na mshono wake ni mkavu kidogo kwa macho, ila inachimba vizuri. Mchanganyiko unafaa kwa bati jembamba, bodi za magari, na kazi ambayo mteja ataitazama kabla ya rangi. Ukihama kutoka mchanganyiko kwenda CO2 ongeza volti moja au mbili, la sivyo waya utagongagonga. Alumini inataka agoni tupu. CO2 kwenye alumini itakupa masizi.

Sasa regyuleta, ambako hatari ya kweli imejificha. Mitungi mingi ya hapa imefuata desturi ya Kiingereza, ambapo valvu ya CO2 ina uzi wa nje wa inchi 0.860, yaani milimita 21.8, nyuzi 14 kwa inchi. Regyuleta nyingi zinazokuja pamoja na mashine za Kichina zina nati ya G5/8, ambayo ni ya uzi wa milimita 22.9, nyuzi 14 kwa inchi vilevile. Kwa kuwa hatua ya uzi ni moja, nati ya Kichina inaingia kwenye valvu ya milimita 21.8, inazunguka, inakaza kidogo, na fundi anaridhika. Imeshika kwa ncha za meno tu. Kwa baa 60 inaweza kung'oka na kuruka. Kabla ya kuunganisha chochote pima uzi wa valvu kwa vernia. Ukikuta 21.8 na nati yako ni ya 22.9, nunua adapta au regyuleta sahihi. Nati inayocheza kushoto na kulia kabla ya kukazwa haifai, hata ikikazwa ikatulia.

Usizibe tofauti hiyo kwa tepi ya mafundi bomba. Muunganiko wa CO2 hauzibwi na uzi, unazibwa na washa bapa ya nailoni au faiba iliyo ndani ya nati. Washa hiyo huliwa. Nunua tano na uweke mfukoni mwa regyuleta. Usipake mafuta wala grisi popote.

Valvu ya agoni huwa na uzi wa ndani wa 5/8, na uzi huohuo uko kwenye mitungi ya oksijeni. Kwa hiyo regyuleta ya agoni itaingia vizuri tu kwenye oksijeni, na hakuna kitakachokuzuia isipokuwa lebo. Rangi za mitungi zimepakwa na kupakwa upya mara nyingi; soma maandishi, usisome rangi.

Baadhi ya regyuleta za CO2 zina hita, na plagi yake huchomekwa nyuma ya mashine kwenye soketi ya volti 36. Zipo pia za volti 220. Soma kibandiko. Hita ya volti 36 ikichomekwa ukutani huungua papo hapo. Kwa kazi ya vipande vifupi chini ya lita 15 kwa dakika hita si lazima, hata kwa asubuhi za Nakuru. Utaijua haja yake regyuleta ikiota barafu nje na mtiririko ukaanza kuyumba: gesi inakuja, inakatika, inakuja. Pumzika dakika kumi. Usiimiminie maji ya moto wala kuipasha kwa moto wa gesi.

Mtungi usimame wima wakati wote wa kazi. Ukilala, kimiminika kinaingia regyuleta na kuiharibu. Ndiyo sababu mitungi ya kuzimia moto si mbadala mzuri: mingi ina mrija ndani unaofika chini ili itoe kimiminika, ndivyo ilivyokusudiwa kufanya kazi. Kuutoa mrija huo ni kazi ya kituo kinachojaza na kukagua mitungi, haifanyiki nyuma ya nyumba kwa spana ya bomba.

Mtiririko. Waya wa 0.8 ndani ya chumba kisicho na upepo unaridhika na lita 10 hadi 12 kwa dakika. Kuongeza hakusaidii kila mara. Ukipita lita 20 kwenye nozeli ya milimita 12 gesi inatoka kwa fujo, inavuta hewa ya pembeni, na mshono unaota vitundu vilevile ulivyokuwa ukivikimbia. Wengi hapo huongeza tena, na mtungi unaisha mara mbili haraka.

Geji za mtiririko za bei nafuu hudanganya, kwa hiyo ithibitishe mara moja. Chomoa hosi ya gesi nyuma ya mashine. Jaza jerikeni ya lita tano maji hadi mdomoni, ipindue ndani ya beseni la maji, ingiza mwisho wa hosi chini ya mdomo wake, fungua gesi, na uhesabu sekunde hadi maji yote yatoke. Sekunde 25 ni lita 12 kwa dakika. Sekunde 30 ni lita 10. Sekunde 15 ni lita 20, na sasa unajua pesa zako zimekuwa zikienda wapi. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye kioo cha geji mahali palipokupa sekunde 25. Kausha mwisho wa hosi kabla ya kuirudisha.

Gesi inayotoka bure ni hii. Ukiachia kitufe, valvu ya umeme ndani ya mashine inafunga lakini regyuleta inaendelea kujaza hosi hadi shinikizo lake. Hosi ya mita tatu yenye tundu la milimita 8, kwa baa 3.5, inahifadhi nusu lita ya ziada. Ukibana tena, nusu lita hiyo inatoka kwa mpigo. Ukipiga nukta mia za kushikiza, lita 50 zimeenda kwa pumzi hizo tu. Hosi ya tundu la milimita 5 ya urefu uleule inapoteza lita 0.2 kila mara. Ifupishe, itumie nyembamba, na usiache mita mbili zimejikunja nyuma ya mashine bila kazi.

Uvujaji ndio mwizi mkubwa zaidi, kwa sababu unafanya kazi usiku pia. Tundu linalotoa robo lita kwa dakika halisikiki kwa sikio, lakini kwa siku moja ni lita 360, theluthi mbili za kilo. Mtungi wa kilo sita umekwisha kwa siku tisa bila kuchomelea hata bawaba. Jaribio lake: fungua mtungi, weka mtiririko wa kawaida, achia kila kitu kitulie, kisha funga valvu ya mtungi pasipo kugusa kitufe. Tazama geji ya shinikizo kubwa kwa dakika kumi na tano. Ikibaki pale, uko salama. Ikishuka, chukua maji yenye sabuni nyingi ya kuoshea vyombo na brashi, fungua mtungi tena, na upake kwa mpangilio: nati ya mtungini, shina la valvu yenyewe, maungio ya hosi, mahali hosi inapoingia mashine. Klipu za waya uliokunjwa kwa koleo ndizo huvuja mara nyingi. Weka klipu za skrubu.

Kama nje hakuna povu na geji bado inashuka, gesi inapita ndani. Zima mashine, acha mtungi wazi, paka povu kwenye mdomo wa nozeli. Povu likivimba, valvu ya umeme haifungi, mara nyingi kwa sababu ya chembe ya uchafu kwenye kiti chake. Ifungue, isafishe kwa hewa kavu, irudishe. Na funga mtungi kila ukimaliza kazi, pia kila stima zikipotea. Stima zikirudi saa tano usiku hakuna anayekumbuka mtungi.

Vitundu kwenye mshono havimaanishi gesi imeisha. Kabla ya kugusa regyuleta, chukua kipande cha chuma cha milimita 3, kisugue kwa graindi hadi king'ae, kiweke ndani pasipo upepo, na upige mshono wa sentimita tano. Ukitoka safi, gesi yako ni nzima. Tatizo ni upepo au uchafu wa chuma cha kazi. Rangi, mafuta ya kiwandani yanayopakwa kwenye tubu mpya, kutu, na zinki ya bomba za maji vyote huota vitundu hata ukiwa na agoni safi kabisa. Ukitoka na vitundu, anza mwisho wa mnyororo: nozeli iliyojaa matone ya chuma, matundu ya difyuza (kipande cha kusambaza gesi ndani ya nozeli) yaliyozibwa, ringi ya mpira iliyokatika mahali tochi inapoingia mashine. Ringi hiyo ikikatika gesi inatoka ndani ya mashine badala ya nozelini, na inaweza pia kuingiza hewa. Angalia pia mkono wako: nozeli isizidi milimita 15 kutoka kwenye chuma, tochi isilale zaidi ya nyuzi 15 hivi. Ukimaliza mshono usiinue tochi mara moja. Ishikilie sekunde moja dimbwi la chuma ligande chini ya gesi.

Upepo. Kuanzia mita mbili kwa sekunde, upepo wa kutikisa majani tu, ngao ya gesi inaondolewa. Kisumu upepo wa ziwani huja alasiri, kwa hiyo kazi ya nje ifanywe asubuhi. Nakuru miezi ya Januari na Februari upepo huja na vumbi lake. Bati mbili zilizoegemezwa kwenye viti pande mbili za kazi zinasaidia kuliko kuongeza lita tano. Feni ya kupoza fundi isielekezwe kwenye kazi. Nalo hilo husahaulika sana.

Mtungi wenyewe usikae juani. Kimiminika cha CO2 kinatanuka haraka kadiri kinavyokaribia nyuzi 31, na mtungi uliojazwa kupita kiasi hauna nafasi ya kutanukia. Kinachofuata ni kisahani cha usalama kupasuka na gesi yote kutoka kwa kishindo. Mjazaji mwadilifu hapiti robo tatu ya kilo kwa kila lita ya ujazo wa mtungi: wa lita 10 ukirudi na kilo tisa, urudishe. Ndiyo sababu nyingine ya kupima.

Na gesi hiyo ikitoka ndani ya chumba, haina harufu. Karakana ya mita tatu kwa tatu yenye urefu wa mita mbili na nusu ina mita za ujazo 22 na nusu. Kilo sita za CO2 ni zaidi ya mita za ujazo tatu. Hiyo ni karibu asilimia 15 ya hewa yote, na kuanzia asilimia 10 mtu huzimia upesi. CO2 ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, hujaa kwanza kwenye shimo la gereji. Agoni nayo ni nzito. Mlango uwe wazi, na mtungi ufungwe kwa mnyororo ukutani, usiegemezwe.

Njiani ni vivyo hivyo: pikapu, mtungi wima, umefungwa, kofia ya valvu juu, regyuleta imetolewa. Usiupakie ndani ya gari lililofungwa vioo, wala nyuma ya boda ukiwa umekumbatiwa na abiria.

Kabla ya kununua mtungi uliza kama ni wako au wa kukodi, na kama wanajaza huohuo au wanabadilishana. Kwa kubadilishana unaweza kutoa mtungi mpya ukapewa uliochakaa, na hesabu zako zote za uzito zinaanza upya kwa sababu TW imebadilika. Kwa anayejaza mara mbili kwa mwaka, mtungi wake mwenyewe wenye risiti ni nafuu kuliko ada ya kila mwezi. Angalia tarehe ya kukaguliwa iliyogongwa karibu na TW. Mtungi uliopitwa unaweza kukataliwa kujazwa, hata ukiwa umeupata kwa bei ya kutupa.

Akiba ya mwisho haihitaji mtungi wa pili. Weka rola ya kilo moja ya waya wa flaksi usiohitaji gesi, aina ya E71T-GS, ikiwa imefungwa vizuri isinyonye unyevu. Gesi ikiisha Jumamosi, badilisha rola, badilisha nguzo za mashine ili tochi iwe hasi na klipu ya ardhi iwe chanya, na geti litakamilika. Litatoa moshi na utagonga ganda kwa nyundo, lakini upepo hausumbui. Rudisha nguzo ukirudi kwenye gesi. Ukisahau, waya utatapika matone na utaanza kuulaumu mtungi mpya.